Kicheko cha Gazeti Kuukuu: Habari Ndogondogo za Miaka ya 1940 na 1950 na Msomaji wa Leo

Tahakiki ya maandishi ya Kiswahili ya katikati ya karne ya ishirini imeelekezwa zaidi kwenye ushairi, wala si kosa. Washairi kama Shaaban Robert, Mathias Mnyampala na Saadani Kandoro walichapisha tungo zao magazetini kabla hazijakusanywa katika diwani, na tangu hapo tungo hizo zimefundishwa, zimefasiriwa na kuhesabiwa mizani hata na watu wasioweza kupima kibaba cha mchele. Lakini shairi halikukaa peke yake gazetini. Kando yake palikuwa na habari ya mji mdogo usiojulikana, tangazo la baisikeli, kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya watu, na barua ya mzee aliyeudhiwa na suruali za vijana. Mhakiki hulikata shairi kwa mkasi akaenda nalo. Yaliyosalia huachiwa panya au, yakipata bahati, huachiwa wacheshi.

Wacheshi hao si haba. Kila gazeti kuukuu linapofunuliwa mbele ya wasomaji wa leo, iwe maktabani au sebuleni, kicheko hutokea kabla ya ukurasa wa pili. Huchekwa bei ya sukari, huchekwa jina la kale la ndege, huchekwa mtu aliyejaza safu nzima kwa ajili ya kuku wake. Makala haya yanakusudia kukichunguza kicheko hicho: kinacheka nini, kinamcheka nani, na ni nani hasa aliyeanza kucheka. Dai lake ni kwamba katika habari ndogondogo za miaka ya 1940 na 1950 mna vicheko vya aina tatu, na kwamba kile cha tatu, ambacho msomaji wa leo hukikosa kwa kujiona mjanja kuliko babu yake, ndicho chenye thamani ya kifasihi.

Magazeti yenyewe

Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, likitoka kila mwezi. Nairobi, kampuni ya East African Standard ilianzisha Baraza mwaka 1939, mwaka ule ule ulioanza Vita vya Pili vya Dunia, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Francis Khamisi. Unguja ilipata Mwongozi mwaka 1942. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yakaja mengine yenye sauti kali zaidi: Mwafrika mwaka 1957 na Ngurumo mwaka 1959 huko Dar es Salaam, na Taifa mwaka 1958 Nairobi, ambalo ndilo lililozaa Taifa Leo mwaka 1960.

Magazeti haya yalitofautiana kwa wenyewe na kwa siasa. Moja lilikuwa la serikali, jingine la wafanyabiashara wa kizungu, jingine la wapigania uhuru. Hata hivyo yalifanana katika jambo moja. Habari nyingi za wilayani hazikuandikwa na waandishi wa kulipwa. Ziliandikwa na makarani, walimu wa shule za msingi, watumishi wa zahanati na wa reli, watu waliojua kusoma na kuandika, ambao waliona kuwa mji wao nao unastahili kutajwa. Hapa ndipo utanzu ulipozaliwa. Mtu asiye na kazi ya uandishi, asiye na mshahara wa uandishi, na aliyekatazwa kugusa mambo makubwa, alipewa mistari michache ya kueleza yaliyotokea kwao. Hapana budi mistari hiyo isomwe kwa kuzingatia hali hiyo.

Kicheko cha bei

Kicheko cha kwanza ndicho chepesi kuliko vyote, nacho ni cha bei. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, ikadumu mpaka katikati ya miaka ya 1960, kila nchi ilipojipatia sarafu yake. Senti zake ndogo zilikuwa na tundu katikati, na watu wakazitunga kwenye uzi kama shanga. Msomaji wa leo akikuta bidhaa iliyouzwa kwa sumuni, hujipiga paja na kusema kwamba wazee waliishi peponi. Akikuta ratili, pishi, frasila na yadi, hucheka tena, maana mizani na vipimo vyake ni vya kilo na mita tangu Kenya na Tanzania zilipoingia katika mfumo huo.

Kicheko hiki ni cha usahaulifu. Anayecheka bei hajauliza mshahara. Senti iliyotungwa kwenye uzi ilitungwa kwa sababu ilikuwa adimu, na kabla haijafika dukani ilikuwa imekwisha kudaiwa na kodi ya kichwa. Tangazo la baisikeli ya Raleigh linaloonekana leo kuwa la kuchekesha, pamoja na picha ya bwana aliyenyooka mgongo kama mpiga saluti, lilikuwa kwa msomaji wa 1950 tangazo la kitu cha kuwekewa akiba kwa muda mrefu. Ndiyo maana habari za baisikeli zilizoibiwa, zilizogongana, au zilizoendeshwa usiku bila taa, zilipewa nafasi gazetini. Hazikuwa vichekesho. Zilikuwa habari za mali. Kwa hiyo kicheko cha kwanza hakimwambii mhakiki lolote kuhusu maandishi. Kinamwambia tu kwamba mwenye kucheka hajui hesabu.

Kicheko cha lugha

Kicheko cha pili ni cha lugha, nacho kina uzito zaidi. Msomaji wa leo hukutana na eropleni mahali anapotazamia ndege, na simu ya upepo mahali pengine. Hukutana na Bwana Shauri, Bwana Shamba na Bwana Afya, kana kwamba serikali nzima ilikuwa ukoo mmoja wa mabwana waliogawana majukumu. Hukutana pia na adabu iliyopitiliza: mwandishi wa barua hamjii mhariri mikono mitupu, bali huomba kwanza ruhusa, kisha nafasi ndogo, kisha radhi kwa kuichukua hiyo nafasi ndogo, na anapomaliza kuomba, nafasi yenyewe imekaribia kwisha.

Maneno hayo hayana kosa. Kila kizazi huyapa mambo mapya majina kwa vifaa vilivyopo mkononi. Neno simu, kabla ya kuwa la mazungumzo, lilikuwa la waya upelekao habari za mkato. Upepo ulipochukua kazi ya waya, jina likafuata mkondo wake bila kuomba kibali cha kamati yoyote. Msomaji anayecheka eropleni na huku anasema kompyuta na intaneti bila kupepesa macho, anathibitisha methali isemayo nyani haoni kundule.

Lakini katika lugha hiyo mna jambo jingine lichekeshalo kwa haki, nalo ni usawa wa sauti. Habari ya gavana na habari ya mbuzi ziliandikwa kwa sauti moja. Na iundwe hapa habari moja kwa mfano, kwa kufuata kanuni za utanzu huo. Mwandishi kutoka mji fulani anaanza kwa kumshukuru Mungu kwa mvua nzuri. Anaarifu kwamba Bwana Shauri alipita, akawahutubia watu kwa muda wa saa mbili juu ya uchimbaji wa vyoo, nao wakafurahi sana. Kisha, bila kubadili sauti wala aya, anaarifu kwamba mbuzi wa Fulani aliingia katika bustani ya karani wa boma akala kabichi. Kwamba shauri lilipelekwa barazani. Kwamba Fulani alitozwa faini. Na kwamba mbuzi hajambo.

Msomaji wa leo atacheka hapo kwenye mbuzi. Atasema kwamba mwandishi hakujua tofauti kati ya jambo kubwa na dogo, na kwamba uandishi wa habari ulikuwa bado mchanga. Akiishia hapo, ameishia kwenye kicheko cha pili, ambacho ni cha mtu mzima anayemcheka mtoto kwa kuvaa viatu vya baba yake. Swali ambalo hakuliuliza ni hili: je, mwandishi mwenyewe hakucheka?

Kicheko cha mwandishi

Na isomwe tena habari hiyo. Watu walihutubiwa saa mbili juu ya vyoo, nao wakafurahi sana. Msomaji wa 1950, aliyewahi kusimama juani akihutubiwa juu ya vyoo, alijua furaha hiyo ni ya namna gani. Mwenye bustani ni karani wa boma, na shauri la kabichi zake lilipata baraza upesi. Msomaji aliyewahi kungoja shauri lake mwenyewe kwa miezi alijua kupima upesi huo. Fulani ametozwa faini. Katika mkasa wote kiumbe mmoja tu ametoka salama, ameshiba, naye ni mbuzi. Neno la mwisho, hajambo, ni neno la kawaida la salamu, na hakuna mhariri wala mkubwa wa serikali awezaye kumshtaki mtu kwa kutoa salamu za mbuzi.

Hiki ndicho kicheko cha tatu. Hakitokani na umbali wa miaka. Kilikuwamo ndani ya habari tangu siku ilipopigwa chapa, na msomaji wa wakati ule alikisikia. Kilijificha katika usawa wa sauti kwa sababu sauti kubwa ilikuwa na gharama. Kenya ilitangaziwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, na magazeti ya lugha za Kiafrika yalipigwa marufuku, likiwemo Mumenyereri la Kigikuyu lililohaririwa na Henry Muoria. Tanganyika, ambako hapakuwa na vita, Julius Nyerere alishtakiwa mwaka 1958 kwa maneno yaliyochapishwa katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Ikiwa maneno ya wazi ya kiongozi mkubwa yalikuwa na bei hiyo, mwalimu wa wilayani alifanya busara kuongea kwa mbuzi.

Mbinu hiyo haikutoka mbali. Jamii ya Waswahili ilikuwa na fumbo, kijembe na majibizano ya washairi muda mrefu kabla ya mashine ya chapa kufika. Mshairi mmoja hutunga swali, mwingine hujibu kwa bahari ile ile, wa tatu huingilia kati kuwapatanisha akawachochea zaidi. Magazeti yalipofungua kurasa zake, mchezo huo ulihamia humo bila kubadili kanuni. Katika miaka ya 1940 na 1950 wasomaji wa Mambo Leo walijadiliana kwa barua na kwa mashairi juu ya dansi: ni ustaarabu au ni uhuni, inafaa mtu mwenye heshima au haimfai. Anayeyasoma majadiliano hayo leo huyaona kuwa ya kipuuzi, watu wazima wakigombana juu ya miguu ya vijana. Ila kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa kikubwa kuliko miguu. Lilikuwa swali la nani mwenye haki ya kusema ustaarabu ni nini, katika nchi ambamo neno hilo lilikuwa limekwisha kumilikiwa na watu waliotoka ng'ambo. Palipokatazwa kuuliza swali hilo juu ya serikali, liliulizwa juu ya suruali.

Habari kubwa za Kongwa

Kama usawa wa sauti ulimpandisha mbuzi hadi kwa gavana, ulimshusha pia gavana hadi kwa mbuzi, na miaka iliyofuata imethibitisha kwamba kipimo hicho hakikuwa kibaya. Ushahidi mzuri ni mpango wa karanga wa Tanganyika. Mpango huo ulioanza mwaka 1947, na ambao makao yake mashuhuri yalikuwa Kongwa, ulikuwa miongoni mwa habari nzito kuliko zote za wakati wake. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu ili watu wake wapate mafuta ya kupikia baada ya vita. Vifaru vya vita aina ya Sherman vilibadilishwa kiwandani vikawa matrekta. Mitambo ilivunjika kwenye visiki vya miti, nyuki wakawatimua wafanyakazi, mvua ikakataa, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango uliachwa, ukiwa umekula mamilioni ya pauni.

Na viwekwe bega kwa bega: kwa upande mmoja serikali iliyopeleka vifaru kulima karanga mahali pasipo mvua ya kutegemewa; kwa upande wa pili Fulani na mbuzi wake. Katika kurasa za wakati ule jambo la kwanza lilikuwa habari ya maendeleo, la pili likawa habari ndogo ya kujazia nafasi. Leo la kwanza ndilo mzaha, tena mzaha uliotumbuka usaha, na la pili limebaki kuwa kweli: mbuzi bado hula kabichi za watu, na barazani bado huanza mapema shauri la mwenye cheo. Mhakiki anayetafuta ucheshi wa miaka hiyo katika safu za wadogo peke yake, ametafuta mahali ambapo ucheshi uliwekwa kwa makusudi, akapuuza mahali ambapo ulizagaa bila mwenyewe kujua.

Kutoka gazetini hadi kitabuni

Thamani ya kifasihi ya habari ndogo haimo katika ukurasa wa gazeti tu. Muhammed Said Abdulla alifanya kazi ya uhariri wa magazeti Unguja kabla ya Mzimu wa Watu wa Kale kutolewa kitabu mwaka 1960. Katika riwaya zake Bwana Msa hafumbui fumbo kwa bastola wala kwa mbio. Hufumbua kwa kutazama vitu vidogo ambavyo wengine wameviona na kuvidharau. Yafaa kusema kwamba jicho hilo ni jicho la msomaji mzuri wa habari ndogo, anayejua kwamba neno lililotupwa mwishoni mwa sentensi huenda ndilo lililobeba kisa. Wahakiki wamezoea kulitafuta asili ya jicho hilo kwa Sherlock Holmes, na si bure. Lakini asili nyingine ilikuwa mezani pa mhariri.

Vivyo hivyo kwa katuni. Juha Kalulu wa mchoraji Edward Gitau, aliyedumu kwa miongo katika Taifa Leo, ni mtu wa habari ndogo: hana cheo, hana mali, naye huingia katika kila balaa kwa uso mkavu. Jina lake lamfanya juha, lakini kicheko hakimwishii yeye. Humpitia kikamfikia askari, tajiri au mjuaji aliyekutana naye. Ni ukoo mmoja na Abunuwasi wa hekaya, ambaye upumbavu wake ni mlango wa kuingilia katika nyumba za wakubwa. Habari ya mbuzi, Bwana Msa na Kalulu ni matawi ya shina moja, ingawa moja limekaushwa kwa kutosomwa.

Pingamizi mbili

Yapo mambo mawili yanayoweza kupinga usomaji huu. La kwanza ni kwamba mwandishi wa wilayani huenda hakukusudia kejeli yoyote. Huenda watu walifurahi kweli kwa kuhutubiwa juu ya vyoo. Hoja hiyo ni nzito na isipuuzwe. Waandishi wengi walisema walichomaanisha, na wengine walikuwa watumishi watiifu waliotamani kupandishwa daraja. Kwa hiyo kejeli isidaiwe kwa sentensi moja. Itafutwe kwa kulinganisha: je, mwandishi huyo huyo hutumia furaha hiyo hiyo kwa kila hotuba, huku mambo yaliyowafaa watu akiyaeleza kwa maneno mengine? Je, ameyapanga mambo yake kwa namna ambayo dogo linalijibu kubwa? Je, barua za wasomaji katika toleo lililofuata zinaonyesha kwamba fumbo lilifika? Penye majibu ya kuridhisha pana sanaa. Pasipo nayo pana taarifa tu, na taarifa nayo ina heshima yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Si kila kicheko cha wakati ule kilimwelekea mkubwa. Kingi kilimshukia mwanamke, ambaye nguo zake, nywele zake na mwendo wake vilijadiliwa na wanaume kurasa kwa kurasa, na sauti yake mwenyewe ikasikika mara chache. Kingine kilimshukia mtu wa shamba aliyefika mjini akastaajabia taa. Karani aliyemcheka Bwana Shauri kwa mafumbo alimcheka mkulima waziwazi, maana huyo hakuwa na gereza la kumtia. Tahakiki inayosifu kejeli ya karani bila kutaja ukatili wake itakuwa imefanya lile lile alilofanya karani: kunyamaza mbele ya mwenye nguvu anayempenda. Kicheko cha tatu si cha haki kwa kuwa tu kilijificha. Hupimwa kwa kumtazama aliyechekwa, alikuwa na uwezo gani wa kujibu.

Hitimisho

Kutokana na hayo, kazi ya mhakiki mbele ya gazeti kuukuu ni kuusoma ukurasa mzima. Shairi lisikatwe kutoka kando ya habari iliyolizaa, wala habari isichekwe kabla ya kujulikana mshahara wa msomaji wake, msamiati wa siku zake, na mtu aliyemwogopa. Wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaotafuta mada za tasnifu, na ambao hurudi kila mwaka kwenye riwaya zile zile kumi, wangeweza kuchukua mwaka mmoja wa Baraza au wa Mambo Leo na kuufuata mji mmoja tu, toleo baada ya toleo: nani aliandika kutoka huko, alimjibu nani, alinyamaza lini, na alinyamaza baada ya nini.

Kazi hiyo haina muda mrefu wa kungoja. Karatasi za magazeti ya wakati huo ni dhaifu, na majalada mengi yamekwisha kugeuka rangi na kukatika kwenye mikunjo. Zaidi ya karatasi, wanapungua wale waliosoma toleo siku lilipotoka, ambao bado wanaweza kueleza ni kwa nini watu walicheka barazani habari ya mbuzi iliposomwa kwa sauti, na karani wa boma, aliyekuwa ameketi nao, alikuwa ametazama wapi.